Nyumba Isiyokosa Wageni

Siku ya kuniaga, vijana wa kitengo chetu walinipa maua, keki na kazi. Maua yamenyauka, keki tuliimaliza palepale, na kazi ndiyo hii: niwaandikie nilichojifunza katika miaka yote niliyotibu watu wanaoogopa kutoka nje ya nyumba zao. Vyeo nitaviruka, kwa sababu sijawahi kuona cheo kikimvusha mgonjwa kizingiti. Nitawaeleza kuhusu kile kiti cheusi nilichowaachia pale ofisini, kuhusu mwalimu aliyenirithisha, na kuhusu mke na mume wa Sparkhill ambao bado nikiwakumbuka nacheka peke yangu jikoni. Wameniruhusu kuwasimulia. Majina nimeyabadilisha, ingawa Mama Mutua alinung'unika. Alitaka lake liandikwe kwa herufi kubwa.

Nilikuja Birmingham kutoka Taita nikiwa nesi. Nilifanya kazi wodini kwa muda mrefu, kisha nikasomea tiba ya mazungumzo, ile inayoangalia mtu anawaza nini, anafanya nini kwa sababu ya mawazo hayo, na jinsi viwili hivyo vinavyolishana. Siku yangu ya kwanza kwenye kliniki, iliyokuwa Edgbaston katika ghorofa za juu, nilikaa ofisini na sketi mpya nikingoja wagonjwa. Hakuja mtu. Kesho yake hakuja mtu. Kliniki ya watu wasioweza kutoka nje iliwataka watoke nje, wapande basi, waingie kwenye lifti, ndipo watibiwe. Asiyefika alifutwa kwenye orodha kwa maelezo kwamba hataki msaada.

Msimamizi wangu alikuwa Bwana Gurdev, Singasinga aliyezaliwa Kisumu, mwenye kilemba cha samawati na Kiswahili cha dukani kwa baba yake, ambacho hakukibadilisha hata kidogo tangu alipoondoka Kenya. Alinikuta nimekaa vile.

"Mama, nangoja nani?"

"Wagonjwa, Bwana Gurdev."

"Hawa hapana weza kuja. Kama naweza kuja hapa juu, si tayari amepona? Tafuta viatu ya kutembea. Twende."

Hiyo ndiyo ilikuwa semina yangu. Tulishuka hadi kwenye gari lake, akafungua buti, na humo mlikuwa na kiti cha ofisi, kile kinachozunguka, mkono wake mmoja umechanika. Nikadhani anahama nyumba. Lakini mchana ule nilimwona akikisukuma hadi sebuleni kwa mzee mmoja, akamkalisha, akamzungusha mpaka mzee akashika kichwa. Kisha akamwuliza kwa upole, "Umekufa?" Mzee akasema la. "Umeanguka?" La. "Basi hiyo ilikuwa kizunguzungu tu."

Mtu mwenye ugonjwa huu haogopi barabara. Anaogopa mwili wake mwenyewe akiwa barabarani. Moyo unakwenda mbio kidogo, kichwa kinazunguka, na wazo linafika kabla hajavuta pumzi: unaanguka, unakufa, watu wanakutazama, na msaada uko mbali. Anakimbia nyumbani. Moyo unatulia, na wazo linajisifu: umeona, nyumba imekuokoa. Kila akikimbia, wazo linanenepa. Kile kiti kilimletea mtu kizunguzungu chake mwenyewe palepale nyumbani, akaketi nacho mpaka kikapita, bila kumkimbilia mtu yeyote.

Bwana Gurdev alipostaafu aliniachia kiti, nami nikakibeba kwenye buti langu mpaka juzi. Katika mitaa mingi ya mji huu mimi ni muuza fanicha. Jamaa mmoja wa Stratford Road aliwahi kunifuata mpaka mlangoni kwa mgonjwa akitaka kujua bei. Pamoja na kiti, Bwana Gurdev aliniachia neno moja: "Kabla hujazungusha mke, angalia bwana." Nilitikisa kichwa kama nimeelewa. Nilielewa nilipofika kwa Mama Mutua.

Daktari wake alinipa anwani ya nyumba moja Sparkhill, katika safu ya nyumba zilizobanana nyuma ya maduka ya nguo. Wagonjwa wangu wengi nilikuwa nawakuta kwenye mapazia yaliyofungwa na ukimya. Hapa niliruka viatu. Viatu vilijaa ukumbini mpaka kwenye ngazi, na sebuleni walikuwamo akina mama wa ushirika wa kanisa, chapati zinanukia, watu wanacheka. Mwanamke mnene, mchangamfu, mwenye kitenge cha manjano, aliniwekea sahani mapajani kabla hajaniuliza mimi ni nani. Nilisema samahani, nadhani nimekosea nyumba.

"Hujakosea, Sista. Kula kwanza," akaninong'oneza. "Hawa wakienda tutaongea."

Sasa nyinyi mnaojua mila zetu, sikilizeni jinsi ugonjwa ulivyojificha. Ushirika wa nyumbani huzunguka: wiki hii kwa huyu, wiki ijayo kwa yule. Ule wa akina Mama Mutua ulikuwa umeacha kuzunguka miaka kadhaa iliyopita. Alianza kwa kusema, jamani, na uwe kwangu tena, mimi nina sufuria kubwa. Ikawa hivyo. Maombi ya waliofiwa yalifanyika kwake. Siku za kuzaliwa zilifanyika kwake. Pasta alimsifu madhabahuni kwa ukarimu, na yeye akazisikia sifa hizo kwenye simu akiwa jikoni, kwa sababu ibada nayo alikuwa anaifuata kwa simu. Hakuna aliyejiuliza kwa nini mtu anayelisha kila mmoja hajaonekana sebuleni kwa mtu yeyote. Angekuwa mpweke, watu wangeshtuka mapema. Wageni walimfunika.

Walipoondoka, Mama Mutua alianza kuosha vikombe akiwa amenipa mgongo.

"Mimi si mgonjwa, Sista. Mimi ni mwenyeji," akasema huku anacheka. Kisha kicheko kikamwishia, akasimama tu na kikombe mkononi.

Ilianza kwenye foleni ya supamaketi. Moyo ulimwenda mbio, akaacha kikapu chake sakafuni akakimbia. Duka lile hakurudi tena. Baadaye likafuata basi, likafuata kanisa, na mwishowe hata pipa la taka lililo mbele ya nyumba likawa kazi ya mumewe. Angeweza kuishi hivyo, aliniambia, na sufuria yake na wageni wake. Lakini Mutua, mtoto wake wa pekee, alikuwa amepata mchumba.

Msichana aliitwa Wanjiku, na wazazi wake waliishi Selly Oak. Mnajua mambo yanavyokwenda. Wa upande wa kijana ndio wanaokwenda kubisha hodi kwa wa msichana, na mama mzazi hawakilishwi na mtu. Familia ilikuwa imeahirisha, ikaahirisha tena, kila mara kwa kisingizio cha mafua. Mwishowe Baba Mutua akapata akili ya ajabu: akawaalika wazazi wa Wanjiku waje Sparkhill, shughuli yote ifanyike kwake, yeye atapika nyama. Jibu la Mama Wanjiku lililetwa na Mutua mwenyewe, uso umemshuka: tangu lini msichana akapeleka posa?

"Sasa wanasema hatumtaki mtoto wao," Mama Mutua akaniambia, na machozi yakaingia kwenye maji ya sabuni. "Nampenda huyo msichana kama wangu. Amekula hapa mara ngapi! Tukiahirisha tena, baba yake amesema mambo yaishe. Sista, nitamzibia mtoto wangu ndoa kwa sababu siwezi kufika kwa bus stop?"

Wakati huo mlango ukafunguliwa, akaingia Baba Mutua na mifuko ya sokoni. Alikuwa dereva wa basi, na basi lake lilipita Stratford Road, mwisho wa mtaa wao. Mwanamume mrefu, mpole, sare imepigwa pasi. Nikamwuliza mkewe kama analala vizuri.

"Analala vizuri," akajibu yeye.

Nikamwuliza mkewe anapenda kula nini.

"Anapenda ndizi. Nimemletea."

Akanieleza kwa fahari kwamba humpigia simu kila anapopumzika, na kwamba akisogea tu mlangoni humshika mkono. "Mimi nimemwambia asijali. Kila kitu namletea. Mke wangu hana haja ya kutoka." Hakuwa mlinzi wa gereza, msimwelewe vibaya. Alikuwa mume mwema kupita wengi niliowaona, na hapo ndipo palipokuwa pagumu. Wazo la mke lilisema, nikitoka nitaanguka. Wazo la mume lilisema, nikimwacha ataanguka, na lawama ni yangu. Yalioana kama sufuria na kifuniko chake, na ndani ugonjwa ulikuwa unaiva vizuri.

Nikaleta kiti. Nilipomzungusha Mama Mutua mara ya kwanza alipiga ukelele, na Baba Mutua akaruka kukishika.

"Mwache, Baba Mutua."

"Lakini anasikia vibaya!"

"Ndicho tunachotaka. Mama Mutua, wazo linasemaje?"

"Linasema nakufa, Sista! Moyo wangu!"

"Tungoje tuone."

Tukangoja. Baba Mutua nilimwambia akalie mikono yake, na akaikalia kweli, dereva mzima, jasho likimtoka kuliko mgonjwa. Kizunguzungu kikapungua, kikaisha. Mama Mutua akafungua jicho moja, akatazama huku na huku, akasema, "Ala. Zungusha tena." Hapo nikajua huyu mwanamke atapona. Kilichobaki ni mumewe.

Tulitoka hatua kwa hatua: mlangoni, kwenye pipa, kwenye kona, kwa muuza matunda. Kabla ya kila safari aliniambia wazo linatabiri nini, na tukirudi tunauliza kama utabiri umetimia. Wazo lake lilikuwa mtabiri mbovu, na alianza kulicheka. Nilimkataza chupa ya maji ya kujihami, simu mkononi na mkono wa mume. Hilo la mwisho lilikuwa gumu kwa wote wawili.

Siku moja alikuwa anakwenda kununua vitunguu Stratford Road, mimi nikiwa nyuma yake kwa mbali. Alikuwa amekaribia kituo cha basi, mabega yamepanda, lakini anatembea. Basi likaja, likasimama, ingawa kituoni hapakuwa na abiria. Mlango ukafunguka. Kwenye usukani alikuwa Baba Mutua.

"Nduku!" akamwita mkewe kwa jina lake. "Umekuwa mweupe! Panda nikurudishe!"

Abiria wote wakashangaa. Mama Mutua akashika chuma cha mlangoni. Nilijua ndani ya kichwa chake wazo lile limepata shahidi: hata mume wako anaona unaanguka. Nilitamani kupiga kelele, lakini kazi yetu wakati mwingine ni kusimama na kuuma midomo.

Mama mmoja mzee Mwingereza aliyekaa kiti cha mbele akamgeukia dereva, akamwita bab, yaani mpenzi, kama wanavyoitana wenyeji wa mji huu. "Let her be, bab. She's only walking."

Mama Mutua akaachia chuma.

"Baba Mutua," akasema, sauti inasikika basi zima, "endesha basi yako. Watu wako na kazi."

Mlango ukafungwa, basi likaondoka polepole mno. Yeye akaenda kununua vitunguu. Nilipomfikia alikuwa anabishana na muuzaji kwamba vitunguu vimechipua, na mimi nikatamani kumkumbatia pale pale katikati ya viazi.

Jioni ile tulikaa watatu. Sikumkaripia Baba Mutua. Nilimwuliza swali lile lile nililozoea kumwuliza mkewe: wazo linasemaje?

"Linasema," akajibu, "siku akiweza kila kitu mwenyewe, mimi nitakuwa wa nini hapa?"

Mama Mutua akamtazama kama mtu aliyesikia hodi ikibishwa ndani ya ukuta.

"Utakuwa bwana yangu," akamwambia. "Saa hii wewe ni ambulensi."

Baba Mutua akacheka, kisha akalia, kisha wakacheka wote, na mimi nikaenda kuwapikia chai kwa sababu haikuwa tena saa ya mtaalamu. Vijana, maneno ya Bwana Gurdev yalinifikia pale jikoni. Ndoa ilikuwa imejipanga kuuzunguka ugonjwa, na ukiuondoa ugonjwa bila kuipa ndoa kitu kingine cha kushika, itaurudisha kwa mlango wa nyuma, kwa upendo wote.

Kwa hiyo nikampa Baba Mutua tiba yake. Simu za mapumziko zikome. Anywe chai na madereva wenzake kama binadamu. Na chakula cha mchana asibebe tena. Mkewe atampelekea. Mama Mutua alichangamka kwa furaha. Ikawa anatembea na bakuli la muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa ya Wakamba, mpaka kituo kile kile cha Stratford Road, basi linasimama, mlango unafunguka, bakuli linaingia. Sasa mume ndiye aliyekuwa anasubiri, anachungulia kioo, na mke ndiye anayefika. Nilisikia kwamba abiria wa kawaida walianza kuulizia harufu.

Akina mama wa ushirika nao ilibidi waambiwe. Aliwakusanya sebuleni akasema wiki ijayo hawatakuja kwake, na akawaeleza kwa nini, bila kupamba. Kisha mama mmoja aliyekuwa akija miaka yote akasema, "Kumbe! Mimi nilifikiri nyumba yangu ilikuwa inakunuka." Wiki iliyofuata walikutana kwa huyo mama, na Mama Mutua akala vya watu kwa mara ya kwanza baada ya miaka, akaomba aongezewe.

Ikabaki Selly Oak. Nilijua tatizo halitakuwa safari peke yake. Kwao Wanjiku ni Wakikuyu, na wageni wa posa hawafunguliwi mlango wakifika. Husimamishwa nje waimbe, waombe, watukanwe kwa utani, mpaka wenyeji waridhike. Wagonjwa wangu huogopa kusimama palipo na watu bila njia ya kuondoka, na hapa mila ilikuwa imeandaa jambo lenyewe, pamoja na kwaya. Tulifanya mazoezi kwenye foleni za maduka. Alijaza kikapu, akasonga mpaka kwa mwenye kupokea malipo, kisha akarudi mwisho wa foleni kuanza upya. Wenye maduka walinichukia.

Siku ilipofika walikwenda kwa basi, kwa amri yangu, maana gari dogo lina tabia ya kugeuzwa na mume mwenye huruma. Mkuu wangu aliniruhusu kusindikiza mpaka kona ya mtaa, si zaidi, kwani tabibu haalikwi kwenye sherehe ya mgonjwa wake. Nilikaa kiti cha nyuma. Njiani nikaona mabega ya Mama Mutua yanapanda. Baba Mutua, pembeni yake, alikuwa amekalia mikono.

"Inakuja," nilimsikia Mama Mutua akisema kwa sauti. "Wacha ije." Ikaja, ikakaa naye, ikashuka kabla hatujashuka sisi.

Pale Selly Oak nikajibanza kwenye kituo cha basi kinachotazamana na nyumba. Manyunyu yalikuwa yameanza. Kila basi lililopita lilisimama kunichukua, nami nikawa nawapungia madereva waende zao. Ng'ambo ya barabara msafara ulikuwa umesimama mbele ya mlango uliofungwa: wajomba wenye makoti, akina mama wa ushirika na vitenge vyao, Mutua na tai iliyopinda. Wanaimba. Dirisha la juu likafunguka, vichwa vya mashangazi vikatokeza.

"Mnatafuta nini? Hapa hakuna msichana!"

"Tumeambiwa kuna ua zuri!" wakajibu wa nje.

"Sauti zenu nyembamba! Hamkunywa chai kwenu?"

Wakaimba kwa nguvu zaidi. Majirani wanafunzi wakatoka na kandambili kutazama. Kisha shangazi mmoja akainama dirishani, akasema lile nililokuwa naliogopa.

"Na mama ya kijana ako wapi? Sisi tumesikia hatokangi kwa nyumba!"

Wimbo ukakatika. Hata mimi moyo wangu ulikwenda mbio, na mimi ndiye mtaalamu. Nilimwona Baba Mutua akifungua mdomo ili amjibie mkewe, kama alivyomjibia miaka yote. Kisha akaufunga. Nasema tena, akaufunga, na katika kazi yangu yote sijaona mume akifanya jambo gumu kuliko hilo.

Mama Mutua akapenya kati ya wajomba akasimama mbele ya wote, chini ya dirisha, uso ameuinua kwenye manyunyu.

"Nimetoka!" akapaza sauti, na mtaa mzima ukasikia. "Nimetoka, niko hapa nje! Fungueni mlango mnione!"

Vigelegele vilipasuka juu na chini kwa pamoja. Mlango ukafunguliwa, Mama Wanjiku akatoka mbio akamkumbatia, wote wawili wanalia na kucheka, akamshika kiuno kumwingiza. Nilikuwa nalia pia, kituoni, huku dereva mwingine akinifungulia mlango wa basi na kuniuliza kama niko salama.

Watu wakaingia, mmoja mmoja, wakikimbia mvua. Baba Mutua alipofika kizingitini akageuka, mkono wake ukanyooka nyuma kumtafuta mkewe, kama ulivyozoea. Akautazama, akautia mfukoni.

Mutua alibaki mlangoni. "Mum, come in. You're getting wet."

Mama Mutua alikuwa amejitoa mikononi mwa Mama Wanjiku, akarudi hatua mbili tatu barabarani. Alikuwa anatazama huku na huku: miti, pikipiki ya mtu wa pizza, wale wanafunzi na kandambili zao, na mimi kituoni, ambaye alijifanya hanijui.

"Tangulieni," akasema. "Mimi niko nje kidogo."